Saa za Kwenda Maskati

Siku ya hitima ya Mzee Athumani, mwaka jana, vijana wawili waliketi karibu na masufuria ya pilau wakibishana. Salma, binti wa marehemu, alikuwa ameingia mchana huo kutoka Maskati. Maziko hakuyawahi, hitima kaiwahi, na vijana walitaka kujua alikaa angani saa ngapi. Mmoja akasema tano. Mwenziwe akatoa simu, akasoma, akasema nne: imeondoka kule saa mbili asubuhi, imetua hapa saa sita, hesabu mwenyewe. Wakavutana vile, tano, nne, tano, nne, na mimi niliyepewa kazi ya kuhesabu sahani, niliyekuwa nimeshazihesabu mara moja na naanza ya pili, nikapotewa na hesabu pale pale. Nilikwenda kuketi msalani, mlango nimefunga, mwanamke mwenye wajukuu, hofu ya miaka thelathini iliyopita imenirudia kwa sababu ya saa moja tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Magongo, upande wa Changamwe, mahali ambapo ndege ikishuka vikombe vyasogea kabatini. Nilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, na ukuta ambao mpangaji wa kabla yangu aliupaka kijani hadi rangi ilipomwishia, karibu na dirisha. Nikiuza leso za kujifunga nyumba kwa nyumba. Lakini kilichonijulisha kwa watu ni biashara nyingine ndogo. Barua kwenda Uarabuni kwa posta ilichukua wiki tatu, ikifika. Mtu alichukua asubuhi moja. Kwa hiyo mwenye dawa ya kumpelekea mwanawe, mwenye kaseti aliyorekodi salamu za ukoo mzima, mwenye kiatu kimoja kilichosahauliwa, alikuja kwangu, nami nilimtafuta msafiri wa kukibeba. Nilijua nani anaondoka na lini, nilijua maneno ya kumlainisha, na bei ya kazi yangu tulipatana mlangoni kwa kelele na heshima. Nilifungua kila kifurushi, nikakifunga, kisha nikakifungua tena. Na unga sikupokea, hata uwe wa ngano.

Maana mwaka ule ndio neno unga lilipoharibika. Lilikuwa neno la jikoni, likaanza kusemwa kwa sauti ya chini. Dukani watu wakawa wanalifafanua: nipe unga wa sima, nipe unga wa chapati, mtu asije akaelewa vingine. Kwetu nyumbani, chumba cha pili kutoka changu, aliishi Saidi, fundi wa redio, kijana mwenye vidole vyepesi na adabu zake. Unga ulimchukua miezi mitano. Aliuza spika zake, akauza meza ya kazi, kisha sufuria langu likapotea. Nilijua ni yeye kwa sababu alikuja kuniomba mfuniko wake. Nikacheka, nikampa, jioni nilipomwona amekaa ukumbini anatetemeka na jua lote lile, kicheko kikakatika. Na kila aliyerudi kutoka Uarabuni alirudi na kisa kile kile, kwamba huko mtu wa unga haulizwi maswali mawili, hukatwa shingo. Sikujua kama ni kweli. Nilijua kwamba niliposikia ndege inapita juu ya bati, nilianza kukumbuka nani yumo ndani na nimempa nini.

Siku ya Jumanne alinijia kijana aitwaye Mbaruku, shati la mikono mirefu, marashi mengi. Alikuwa na kifurushi cha kilo mbili, kitambaa cha marikani juu ya marikani, kimeshonwa pande zote kwa uzi wa magodoro.

“Nini ndani?”

“Halwa, dada. Halwa na visheti. Dadangu yuko Maskati, ana mimba, hali kitu.”

“Na mbona umeshona kama godoro?”

“Samli isivuje, ikamharibia mtu nguo.”

Nikakibonyeza, kikabonyea kama halwa ibonyeavyo. Nikataja bei ya juu, bei ya kuanzia tu, nikingoja anitukane. Hakunitukana. Alitoa pesa, akaweka juu ya leso zangu, akashukuru, akaenda. Miaka yote niliyofanya biashara sikuwahi kuona mtu wa Mombasa analipa bei ya kwanza. Hapo ndipo ningepaswa kuchukua wembe nikate ule uzi. Badala yake nilijisifu. Niliketi kitandani nikijiambia mdomo wangu umekuwa mtamu, sasa hata hawabishi.

Msafiri alikuwa Mzee Athumani, jirani wa nyumba ya tatu, aliyestaafu kazi ya winchi bandarini. Kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda kumwona Salma, aliyeolewa Maskati na kijana aitwaye Nasoro. Hakuwahi kupanda ndege. Nilimkuta alasiri na mkewe, Bi Mwanakombo, mkeka umejaa nguo alizozikunja na kuzikunjua, na tikiti wameiweka katikati yao kama mgonjwa.

“Shikamoo baba. Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ndoo, keti utusomee,” akasema Mzee. “Mimi nataka kitu kimoja tu. Adhuhuri itanikuta juu. Alasiri itanikuta wapi? Angani mtu yuaketi saa ngapi?”

Nikasoma. Iliandikwa kuondoka kumi kamili, kufika kumi na sita. Nikageuza kwa hesabu yetu: saa nne asubuhi, saa kumi jioni. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa mkono wa pili.

“Saa sita, baba.”

“Saa sita! Kwa gari moshi hata Voi hujaipita vizuri,” akasema Bi Mwanakombo, na akacheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya tikiti isiruke.

Nikatoa kifurushi. Mzee alikitazama bila kukigusa.

“Chako?”

“Cha watu, baba. Halwa.”

“Cha watu ni amana. Sema wazi basi, mbele ya mke wangu. Wanipa amana?”

“Nakupa amana.”

“Nimeipokea. Nitaitia mkononi mwa mwenyewe, si mkononi mwa mwengine.” Ndipo akakichukua, akakiweka juu ya Msahafu wake ndani ya mkoba, mahali pa heshima kuliko nguo zake zote. Nimewapa watu vifurushi vingi, na wengi waliahidi huku wanapiga miayo. Huyu aliahidi kama mtu anayeozesha.

Jumatano saa nne na kidogo ndege ilipita, vikombe vikasogea. Nikasema safari njema, nikafunga leso zangu, nikatoka. Kufika saa sita nilikuwa nimeuza moja, jua limenikaa utosini, nikaingia mkahawa wa karibu na kituo cha mafuta kunywa chai. Nyuma ya pazia la shanga walikuwa wameketi wanaume wawili. Marashi niliyajua kabla ya sauti.

“Unga ushaondoka,” alisema Mbaruku. “Kilo mbili, leo asubuhi.”

“Nani kabeba?”

“Mzee mmoja hapo Magongo. Hajui lolote. Yule mwanamke wa leso nalimwambia halwa. Ningesema unga angekubali?”

“Angekufukuza na ufagio.”

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, chai inanitiririka kwenye kidole gumba, siisikii. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikaweka pesa ya chai mezani, nikatoka. Njiani nilihesabu, maana sikuwa na kitu kingine cha kushika. Ndege imeondoka saa nne. Safari saa sita. Sasa ni saa sita. Zimebaki nne. Mzee bado yuko juu, hana hatia yoyote mpaka magurudumu yaguse chini. Hapo nilikuwa na saa nne za kumwokoa, na nilizishika kifuani kama pesa za hospitali.

Nambari ya simu ya Nasoro ilikuwa kwa Bi Mwanakombo, imeandikwa kwa makaa nyuma ya mlango wa kabati. Nilimwambia nataka kumpigia Salma nimuulizie bei za leso kule. Uongo huo niliutunga kati ya nyumba mbili, akaupokea wote. Lakini alikuwa anapakua.

“Huondoki hujala. Leo nyumba haina mtu, nitakula na nani? Na kuta?”

“Mama, nina haraka.”

“Haraka ya leso? Keti.”

Wali wa nazi, mchuzi wa papa mbichi, pilipili ya kukaanga na embe. Nilikula. Sijui kama niliwahi kula chakula kizuri vile, na kila tonge nililihesabu. Yeye alikuwa akimzungumzia mume wake: jinsi alivyotia udhu mara mbili asubuhi, jinsi alivyokataa kuuacha mkoba mdogo uende chini na mizigo mingine, ati ndani mna amana ya watu, ataipakata. “Hata akilala ataipakata,” akasema kwa fahari. “Mimi hajanipakata hivyo tangu mwaka wa harusi.” Nikacheka kwa meno. Nje ndege nyingine ikapita, sote tukatazama juu, na yeye akatazama kwa upendo.

Nilifika posta ya mjini saa nane kasorobo. Simu za ng’ambo uliandikisha nambari kwenye karatasi, ukalipa arubuni, pesa ya mbele, ukaketi ubaoni hadi uitwe kibanda nambari fulani. Mbele yangu walikuwa watu watano. Nikawahesabu, nikawahesabu tena, wakabaki watano. Ukutani palikuwa na saa kubwa, na nilijiambia hata kila mmoja akizungumza robo saa, bado mimi nimewahi. Yatua saa kumi. Ilipogonga saa nane kamili mama wa dirishani, mwanamke mnene wa kanzu ya maua, alitazama karatasi yangu.

“Maskati? Watakuwa wanaamka kutoka usingizi wa mchana. Kule sasa hivi ni saa tisa.”

“Saa nane, mama.”

“Hapa saa nane. Kule wao wako mbele yetu saa nzima. Hujui? Jua lawafikia kwanza.”

Nilisimama. Nikamwomba anirudie, akanirudia kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi. Tikiti ilisema saa kumi; lakini ile ilikuwa saa kumi yao. Saa kumi yao ni saa tisa yetu. Safari haikuwa saa sita. Ilikuwa tano. Mimi niliyehesabu kwa mikono yote miwili nilikuwa nimehesabu kosa lile lile mara mbili, na saa nzima ya uhai wa mtu ilikuwa imeliwa kwa wali wa nazi. Nilikwenda kwa wale watano mmoja mmoja, nikipatana nao kama sokoni. Wa kwanza nilimpa leso. Wa pili leso mbili, kwa sababu alimwona wa kwanza. Wa tatu alikuwa bwana wa makamo, alikataa leso, akanitazama usoni, akasema, “Pita, mwanangu,” na hilo lilinitisha zaidi, kwamba uso wangu umefikia hapo. Wawili waliobaki walinipisha kwa kufuata huruma yake.

Lakini laini zilikuwa zimejaa; saa tisa kasoro dakika kumi ndipo nikaitwa kibanda cha nne. Mlio, ukimya, sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka mbali. Kisha Nasoro.

“Nani? Niko mlangoni, naenda kumpokea mkwe wangu, uwanja si mbali lakini nimechelewa.”

“Nasoro, napiga kutoka Mombasa. Baba ana kifurushi cheupe, kimeshonwa. Si chake. Mwambie akiache. Akiache ndani ya ndege.”

“Akiache kwa nini? Kina nini?”

“Kina kitu.”

“Sikusikii, dada! Kina nini?”

“Unga!” Nilipiga kelele ya kuuzia leso. “Unga, Nasoro, unga!”

Laini ikakatika. Nilipofungua mlango wa kibanda, ukumbi mzima wa posta ulikuwa umenigeukia. Mtu mmoja alivuta mkoba wake akauweka upande wa pili. Mama wa dirishani alikuwa na karatasi yenye jina langu mkononi na hakuwa akiandika chochote. Nilitoka bila kudai chenji. Anayenijua, kwa hilo tu, atajua nilikuwa na hofu ya kiasi gani.

Siku nne hapakuwa na habari. Ya tano Bi Mwanakombo alipita na kusema mzee kafika salama, Nasoro kapiga simu duka la jirani. Alifurahi, alinipa maandazi. Mimi sikuamini, kwa sababu kwetu mwanamke aliye peke yake hapigiwi simu akaambiwa mumewe amefungwa; huambiwa kafika salama, kisha hutumwa watu wazima watatu waje kuketi naye. Basi kila jioni nilitazama mlango wake kama kuna watu wazima watatu. Nilipomaliza kuhesabu viatu mlangoni kwake, nilianza kuhesabu watu wanaopita kwangu. Mara mbili Mbaruku alikuja kuniulizia. Mara ya kwanza nilijilaza sakafuni chini ya dirisha nikasikia anamwambia Saidi, “Mwambie nataka kujua kama mzigo ulifika.” Mara ya pili sikungoja. Nilivuka feri nikaenda Bofu kwa rafiki yangu, nikalala siku tisa nyuma ya cherehani yake, nikimwambia nina malaria. Nilikuwa natetemeka kweli, hakuniuliza.

Niliporudi Magongo, viatu vya Mzee Athumani vilikuwa mlangoni kwake. Jozi moja. Nilivitazama mpaka mtu akaniuliza kama nataka kuvinunua.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka ule ule, amepungua, kola ya kanzu imemwachia nafasi shingoni. Ile shingo niliitazama. Bi Mwanakombo alikuwa jikoni akiimba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Amana imefika.”

Nikaketi mkekani. Akaendelea, bila haraka, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Alitoka ndani ya ndege, akapanga foleni. Askari akamuuliza kifurushi kina nini, akasema halwa. Angepita, wale waliokuwa mbele yake walipita. Lakini ng’ambo ya kizuizi akamwona Nasoro, anapunga mikono kama anafukuza ng’ombe, anapiga kelele, “Baba, kiache! Baba, kitupe!” Askari wakageuka. Akamjibu kwa sauti vile vile, kwamba hawezi kukitupa, si chake, ni amana. Wakamuuliza tena, akasema halwa. Mara ya tatu, halwa. Ndipo wakakata uzi, na marikani ikafunguka, na ndani mna vumbi jeupe.

“Mimi mwenyewe nilishtuka,” akasema. “Miaka yangu yote, mwanangu, sikuwahi kusema uongo mara tatu kwa mpigo.”

Chumba alichowekwa kilikuwa na taa isiyozimwa. Maji ya udhu alipewa, kibla alionyeshwa. Hakuna aliyemgusa. Lakini kila mlango ulipofunguka alitoa shahada, akadhani ndio mara ya mwisho, kisha ikabidi aitoe tena. Sala ya Ijumaa ilimpita mle ndani. Mwishowe akaja bwana mkubwa wa ofisi, mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake. Akatia kidole, akanusa, akaita wenziwe wanuse.

“Akasema, ‘Mzee, hili ni kopa.’ Unga wa muhogo! Dada wa yule kijana ana mimba, kila akila hutapika, ataka sima ya muhogo ya kwao. Ndiyo yote. Yule bwana akataka nimpe bakuli moja, hajaila tangu utoto wake. Nikamwambia si yangu, nenda ukamwombe mwenyewe.”

“Ulimnyima, baba? Pale pale?”

“Ni amana.”

Jikoni uimbaji ulikatika, ukaanza tena. Nilijua nikinyamaza hapo nitakuwa nimenyamaza maisha.

“Baba, simu ile niliipiga mimi.”

“Najua. Nasoro alisema ni mwanamke, apiga kelele kama auza leso.”

“Nilidhani ni ule unga mwingine. Nilikuogopea.”

“Mimi? Au wewe?”

“Nilianza na wewe.”

Akatikisa kichwa, akalipima jibu hilo. “Ungalinyamaza, ningalipita.”

“Na kama ungalikuwa ule mwingine?”

“Hilo nalo nimelifikiria. Nilikuwa na wakati.” Akavua saa yake ya mkono, akaiweka mkekani kati yetu. “Hii sikuibadilisha, niliiacha kwa majira ya hapa. Watu wakikuuliza, Zuhura, kutoka hapa hadi Maskati ni saa ngapi, utawaambia nini?”

“Tano, baba. Nilikukosesha. Ni tano.”

“Hizo ni za wengine. Mimi niliondoka hapa Jumatano saa nne asubuhi. Nilitoka kwenye mlango wa chumba kile cha taa, nikaona jua la Maskati, Ijumaa saa tisa. Ni hamsini na tatu.”

Hakuwa na hasira. Alikuwa anataja bei, na ananingoja. Nikahesabu: Jumatano saa nne hadi Ijumaa saa nne, arubaini na nane, hadi saa tisa, tano. Nikarudia kutoka nyuma, polepole, nikitafuta pa kupunguza hata saa moja. Hapakuwa.